Bomba la Dawa Likigoma Kupuliza

Ukimsikia mtu akisema, "Dawa ya siku hizi ni maji tu, kupe hawafi," muulize kwanza: bomba lako unaliosha? Mara nyingi dawa ni nzima. Bomba ndilo linaloumwa.

Hapa kwetu Nyansurura na vijiji vingine vya Serengeti na Tarime, bomba la mgongoni lina kazi nyingi. Leo linapulizia pamba, kesho ng'ombe, keshokutwa mahindi. Kwa wenzetu wa milimani Tarime kuna kahawa pia. Tena bomba moja huzunguka nyumba tatu au nne. Wa kulitumia ni wengi, wa kuliosha haonekani.

Bomba hufanya kazi hivi. Unapopampu, dawa hutoka kwenye tangi na kuibana hewa iliyo ndani ya pampu. Hewa hiyo huisukuma dawa ipite kwenye mpira, kisha kwenye chuma kirefu, mpaka puani. Pua, ambayo mafundi huiita nozeli, ina tundu dogo sana. Hapo ndipo dawa inapovunjika ikawa kama ukungu. Mafundi wanaopaka rangi magari nao wana chombo cha namna hiyo. Rangi ikikaukia puani, nacho hugoma.

Pua ikiziba

Utaona dawa inatoka upande mmoja tu, au inatoka mstari kama mkojo wa mbuzi. Kwanza toa hewa: minya kifyatulio mpaka nguvu iishe, dawa isije ikakurukia machoni. Vaa glavu, ndipo ufungue pua.

Sasa usichukue sindano, waya wala msumari. Tundu lile limepimwa kiwandani. Ukilichokonoa linapanuka. Baada ya hapo dawa itatoka nyingi, kwa matone makubwa yanayodondoka chini badala ya kushika jani. Shambani hasara hii huioni. Utaiona dukani, ukienda kununua chupa ya pili.

Wengine huitia pua mdomoni wakapuliza. Hapana, ndugu! Sumu inayoua kupe inamdhuru mtu pia. Itie pua katika maji safi ya sabuni. Isugue kwa mswaki mkuukuu, ambao haurudi tena kinywani mwa mtu, au tumia kijiti laini cha nyasi.

Ikiwa leo umezibua na kesho imeziba tena, basi ugonjwa hauko puani. Takataka zinatoka kwenye maji. Tazama chujio lililo chini ya mfuniko. Watu hulitoa eti maji yaingie upesi! Lirudishe. Maji ya mtoni au ya lambo yachuje pia kwa kitambaa. Kuna chujio jingine dogo ndani ya kishikio, nalo lioshwe.

Pua huchakaa hata kama haijachokonolewa. Ipime. Weka maji matupu katika bomba, pulizia ndani ya ndoo kwa dakika 1, halafu pima maji hayo. Fanya vilevile kwa pua mpya ya aina ileile. Kama mpya imetoa mililita 500, na ya zamani imetoa zaidi ya 550, ya zamani itupe.

Pampu ikikosa nguvu

Mpini ukienda wepesi mno, washa ya pampu imekauka au imekwisha. Washa ya ngozi hulainika kwa mafuta kidogo. Ya mpira ikipasuka, nunua nyingine. Jambo jingine watu hulisahau: mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, tangi hujibana na dawa haishuki. Utahangaika na pampu siku nzima bure.

Bomba likivuja kwenye maungio, kaza. Likiendelea, badilisha washa. Kulifunga kwa mpira wa baiskeli ni kujidanganya, maana dawa itakuchuruzika mgongoni.

Kwa mfugaji, bomba baya linaweza kumaliza zizi. Kupe wa masikioni ndiye aletaye ndigana kali. Ukungu ukiwa hafifu, dawa hulowesha manyoya tu. Haifiki ndani ya masikio, kwapani, kwenye kiwele wala chini ya mkia. Kupe wanabaki, na mfugaji anailaumu dawa.

Dawa ya magugu

Hapa wengi wameumia. Dawa ya magugu ya mahindi iitwayo 2,4-D ina nguvu ajabu juu ya pamba na maharage. Mabaki kidogo tu ndani ya mpira yanatosha kuyakunja majani. Kama mnaweza, bomba la magugu liwe lake peke yake, nalo lipakwe alama ya rangi.

Bomba lioshwe siku ileile ya kazi, kabla dawa haijakauka. Suuza mara tatu, na kila mara pulizia maji yapite mpaka puani. Maji hayo yamwage shambani ulikopulizia. Usiyapeleke mtoni wala kisimani. Mto Mara unakwenda mpaka Ziwa Viktoria, na njiani wako watu na mifugo wanaokunywa.

Kisha ligeuze bomba juu chini likauke. Litundike kivulini, mbali na unga na watoto, mahali ambapo panya hawatafika. Panya hupenda kutafuna ule mpira.