Ikwalaiza Nyumbani: Itumike au Iachwe?

Zamani ikwalaiza ilikuwa chombo cha studio na cha kumbi za dansi. Siku hizi imo ndani ya simu, ndani ya redio ya sebuleni, na hata ndani ya spika ndogo ya kubebwa mkononi. Wanafunzi wa fizikia wameniuliza mara nyingi kama yafaa kuitumia mtu asikilizapo muziki nyumbani. Wazazi nao wameniuliza jambo hilo hilo kwa namna nyingine: "Mwalimu, mbona huyu mtoto anatutetemeshea madirisha?" Nitajaribu kuwajibu wote kwa pamoja.

Sauti ni mitetemo ya hewa. Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hata kufika 20,000 hivi kwa sekunde, na mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi 1. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Simu ya waya ilipitisha sauti zilizo baina ya hezi 300 na 3,400 tu, na maneno yakafahamika vizuri. Ikwalaiza huigawa safu hiyo ndefu katika mafungu, na kila fungu lina kidude chake cha kusogeza juu au chini. Kipimo cha kupanda na kushuka ni desibeli.

Jina la chombo hiki latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kusawazisha, na mafundi wa simu za waya walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukihitaji. Sauti iliposafiri mbali katika waya, zile nyembamba zilififia zaidi kuliko zile nene. Basi wakatengeneza vyombo vya kuirudishia usawa wake wa mwanzo. Maana yake ni kwamba kazi ya asili ya ikwalaiza si kuutia muziki chumvi, bali ni kuurudishia kilichopotea njiani. Nami napima kila jambo kwa kipimo hicho: kama kuna kilichopotea au kilichozidi, itumike, kama hakuna, iachwe.

Wako wasikilizaji wasiotaka kuigusa kabisa, kwa hoja kwamba kufanya hivyo ni kumkosea fundi aliyerekodi. Hoja hiyo ina heshima, lakini haitoshi. Chukua santuri kubwa za zamani. Tangu mwaka 1954 makampuni ya Marekani yalikubaliana mizani moja: santuri inapochongwa, sauti nene hupunguzwa ili mfereji wa sindano usiwe mpana mno, na sauti nyembamba huzidishwa ili zishinde mikwaruzo. Chombo cha kuchezea santuri hugeuza kazi hiyo kinyume, kwa kiasi cha desibeli kama 20 kila upande. Kwa hiyo hata yule asemaye hataki kusawazishiwa sauti amekwisha kusawazishiwa. Tena, fundi aliisikia kazi yake katika chumba chake na kwa spika zake. Chumba chako hakukijua.

Na chumba kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ikiwa sebule ina urefu wa mita 3.5, sauti ya hezi 50 hugonga ukuta huu na huu, ikarudi na kukutana na nyingine ikawa kama imesimama. Karibu na kuta hizo mbili huvuma, na katikati ya chumba hufifia. Jaribuni wenyewe: chezeni sauti moja ya hezi 50 katika spika yenye uwezo wa kuitoa, kisha mtembee polepole chumbani. Basi, kabla ya kuigusa ikwalaiza, iondoe spika pembeni mwa chumba, uibandue kidogo ukutani, ukae mahali pengine. Mara nyingi uvumi hupungua bila kugusa kidude chochote, wala haugharimu hata senti. Ukibaki, shusha fungu hilo moja kwa desibeli tatu au nne.

Iko hali nyingine ambayo naiona halali kabisa. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo zile nene ndizo hupotea zaidi. Ndiyo maana wimbo uliojaa mchana huonekana mkavu usiku uipunguzapo redio ili wengine walale. Ukiongeza besi kidogo wakati huo, wairudisha haki yake tu. Asubuhi ukikuza sauti, ikumbuke uishushe.

Sasa nafika kwa wazee, na hapa ndipo penye ugomvi katika nyumba nyingi. Bibi yangu hupenda taarabu, naye kwa muda mrefu alilalamika kwamba waimbaji wa siku hizi hawatamki. Wajukuu walikuwa wamepandisha besi mpaka mwisho. Kwa kawaida sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f na t. Asiyezisikia vema hawezi kupambanua "saa" na "faa", wala "kasa" na "kata". Tena sauti nene ikizidi huzifunika zile nyembamba, hata zile chache zilizombakia. Taarabu bila maneno ni nini? Niliishusha besi, nikapandisha kidogo tu mafungu ya hezi 2,000 hadi 4,000, na tangu siku hiyo bibi huwajibu waimbaji kama wamo sebuleni. Wajukuu hawakufurahi, lakini wao wana masikio mazima.

Santuri za kale nazo zahitaji huruma hiyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na nyimbo zake za wakati huo twazisikia leo zimejaa mikwaruzo. Sehemu kubwa ya mikwaruzo hiyo iko juu ya hezi 5,000, ambako vyombo vya siku zile vilinasa muziki kidogo tu. Shusha mafungu ya huko juu nawe utamsikia kwa utulivu zaidi. Usishushe mno, asije akaonekana anaimba ndani ya mtungi.

Lakini kupandisha kuna gharama yake. Kila desibeli 3 hudai nguvu maradufu, na desibeli 10 hudai nguvu mara kumi. Amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 2 kwa besi, ukiipandishia desibeli 10, yadaiwa wati 20. Ikiwa haina, hukata vilele vya mawimbi, sauti ikawa ya kukwaruza, na mwisho spika huungua. Spika ndogo ya simu haina besi ya kupandishwa hata kidogo. Ni kumlazimisha mtoto kubeba gunia.

Masikio nayo huungua kwa namna yao, tena hayauzwi dukani. Shirika la Afya Duniani huhesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kuwa mpaka kwa mtu mzima. Ikizidi desibeli 3, saa hubaki 20. Mwenye spika za masikioni anayepandisha kila fungu hakusawazisha kitu, ameongeza sauti tu.

Ukitaka kujaribu, anza na vidude vyote kwenye sifuri, uchague wimbo unaoujua sana, na ushushe kilichozidi kabla ya kupandisha kilichopungua. Kisha mwombe ndugu yako aiwashe na kuizima ikwalaiza bila wewe kutazama, akihakikisha ukubwa wa sauti ni ule ule, kwa sababu sikio hudanganyika likadhani iliyo kubwa ndiyo nzuri. Ukishindwa kuzipambanua mara tano au sita, virudishe vidude vyote kwenye sifuri.