Mwaka wa Majivu

Ndugu Waislamu,

Ukame unapotufika wako wasemao, "Hii ni kadari, tufanye nini?" Basi na tutazame walivyofanya waliotutangulia.

Mwaka wa 18 wa Hijra mvua ilikatika Hijazi. Ardhi ikakauka, upepo ukapeperusha vumbi mfano wa majivu, hata mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu. Mabedui wakamiminika Madina kutafuta chakula. Sayyidna Umar (R.A.) akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate nafuu. Akawaandikia maliwali wake, wa Sham na kwingineko, walete chakula. Kisha akatoka na watu kuomba mvua, pamoja na Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.). Dua haikumzuia kutenda, wala kutenda hakukumsahaulisha dua.

Nasi tumeyaona. Tangu mwisho wa 2020 mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko huko huko. Wataalamu wanatwambia kuwa kuongezeka kwa joto la dunia kunazidisha ukali wa yote mawili.

Nabii Yusuf (A.S.) aliagiza nafaka iwekwe akiba ingali katika masuke yake, kwa ajili ya miaka ya njaa. Basi tuweke akiba, tukinge maji ya mvua, tuihifadhi miti, na tutoe Zaka kabla jirani hajalazimika kuomba.

Ewe Mola wetu, tuteremshie mvua yenye manufaa, isiyo na madhara. Amin.