METRO: NAMNA YA KUSAFIRI CHINI YA MJI BILA KUPOTEA



Hapa Butembo na kule Beni ni vigumu kupata kartie isiyokuwa na mtu aliyekwisha kwenda Dubai au Guangzhou kufuata vitu. Baba anaenda, mama anaenda, siku ingine kaka mkubwa ndiye anatumwa. Wakirudi tunasikia habari za magorofa na bei ya simu na vitenge. Lakini ukiuliza, «Metro mliipanda?», wengi wanajibu: «Ee, ile ni kitu ya wasomi. Sisi tulichukua taksi.»

Jibu hilo ndilo limetufanya tuandike. Taksi inayotoka uwanja wa ndege wa Dubai inaanza kuhesabu kwa dirhamu 25 kabla gurudumu halijazunguka. Katika metro, safari fupi inalipwa dirhamu 3. Mtu akizunguka mjini siku kumi akitafuta bei nzuri, tofauti hiyo inakula faida yake, na ile faida ndiyo minervali yetu. Basi tuseme wazi: metro si ya wasomi. Ni ya kila mtu anayeshika mambo manne: mstari, mwisho wa mstari, mahali pa kubadili, na mlango wa kutokea.

Metro ni nini?

Ni treni ya ndani ya mji, yenye njia yake peke yake. Mara nyingi inapita chini ya udongo, lakini si kila mahali. Pale Dubai sehemu kubwa inapita juu ya madaraja, na inaingia chini katikati ya mji. Metro ya kwanza ya dunia ilifunguliwa London mwaka wa 1863. Paris walifungua yao mwaka wa 1900, na ndiko jina «metro» lilikotoka. Kwa Afrika, Cairo ilitangulia mwaka wa 1987, kisha Alger mwaka wa 2011.

Ile ya Dubai ni changa. Mstari Mwekundu ulifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, na Mstari wa Kijani tarehe 9 Septemba 2011. Mstari Mwekundu ulipangwa kwanza uwe na kilometa 52 hivi, karibu sawa na kutoka Butembo mpaka Beni. Ebu fikiria barabara yetu yote hiyo ikiwa ni mji mmoja!

Anayejua njia ni wewe

Hapa kwetu unapanda pikipiki, unataja mahali, mnapatana bei, na unafikishwa mpaka mlangoni. Anayejua njia ni yule anayekubeba. Katika metro mambo yamegeuka. Treni haiulizi unakwenda wapi. Inasimama kwa muda mfupi, milango inafunguka, inafungwa, imekwenda. Tena Dubai hata shoferi hakuna, treni zinaongozwa na ordinateri. Hakuna wa kuambiwa «unishukishe hapa». Kwa hiyo safari ya metro inafanywa kwanza juu ya ramani, halafu kwa miguu.

Ramani hiyo imebandikwa katika kila kituo. Fanya hivi:

1. Tafuta kituo ulipo na kituo unapokwenda. Angalia rangi ya mstari wa kila kimoja.

2. Tafuta jina la kituo cha mwisho kwa upande unaokwenda. Hapa ndipo wageni wengi wanapotelea. Mtu wa Butembo anayekwenda Maboya anapanda gari la Beni, hapandi gari la Lubero, hata kama yeye hafiki Beni. Metro ni vile vile. Treni inaitwa kwa jina la mwisho wa njia, si kwa jina la kituo chako.

3. Kama rangi si moja, tafuta kituo ambapo mistari miwili inakutana. Dubai, ile Mwekundu na ile ya Kijani zinakutana Union na BurJuman.

4. Ukishuka, usitoke tu kwa mlango wowote. Kituo kimoja kinaweza kuwa na milango mingi, na kila mmoja unatokea barabara yake. Soma namba ya mlango na jina la barabara.

Mfano: Mama ameshuka Terminal 3 ya uwanja wa ndege, anataka kufika Baniyas Square, karibu na masoko ya Deira. Anapanda Mstari Mwekundu. Mwisho wa karibu unaitwa Centrepoint, zamani Rashidiya; huko siko mjini, basi treni ya Centrepoint anaiacha, anachukua ile ya upande mwingine. Anashuka Union. Pale anafuata alama za Mstari wa Kijani, anapanda treni inayoelekea Creek, na kituo cha kwanza tu ni Baniyas Square. Amefika.

Mnaona pia kwamba majina ya vituo yanaweza kubadilika, kwa sababu pale makampuni yananunua haki ya kuweka jina lao juu ya kituo. Msishike ramani ya zamani aliyowaletea mjomba. Chukueni mpya.

Kulipa

Dubai wanatumia karti inayoitwa nol. Unainunua kituoni, unatia pesa ndani. Ukiingia unaigusisha kwenye mashine ya mlangoni, na ukitoka unaigusisha tena. Mji umegawanyika kwa maeneo. Kwa karti ya kawaida, ya rangi ya fedha, eneo moja ni dirhamu 3, maeneo mawili yanayopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7.50. Karti ya rangi ya dhahabu inalipa mara mbili, kwa kukaa kwenye behewa la heshima. Kila mtu awe na karti yake, maana mbili hawapiti kwa karti moja. Anayekamatwa bila kulipa anatozwa dirhamu 200, yaani dola 54 hivi.

Sheria za ndani

Hakuna kula wala kunywa ndani ya treni na vituo, hata kutafuna shingamu. Lipo behewa la wanawake na watoto, limeandikwa wazi hata chini sakafuni, mwanaume asiingie. Kwa makosa hayo faini ni dirhamu 100. Polisi hatakubali kusikia kwamba wewe ni mgeni.

Usiku metro inafungwa. Siku nyingi za juma inasimama saa sita ya usiku na kuanza tena saa kumi na moja ya asubuhi. Ndege yako ikitua saa nane ya usiku, ngojea kuche au tafuta taksi. Na kama umeshuka Terminal 2, fahamu kwamba pale hakuna kituo cha metro.

Mizigo: valizi moja kubwa na moja ndogo, basi. Ile kubwa isipite sentimeta 81 kwa 58 kwa 30. Kwa hiyo metro ni ya kutembelea maduka na kulinganisha bei. Siku ya kubeba mabalo, tafuta gari.

Mkiachana

Jambo hili lizungumzwe kabla ya kuondoka nyumbani. Milango ya metro haingojei mtu. Ikifungwa, mama yuko ndani na mtoto amebaki nje, watu wanaanza kulia na kukimbia huku na huku. Mpatane namna hii: aliye ndani anashuka kituo kinachofuata na kusimama pale pale. Aliyebaki anapanda treni inayofuata ya upande ule ule, naye anashuka kituo hicho hicho. Wote wawili wakianza kutafutana, hawataonana upesi. Na kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina la hoteli na namba ya simu.

Kwa miji mingine

Ukishika mambo manne haya, umeshika metro karibu zote. Guangzhou, metro yao ni ya tangu 1997. Pale mistari ina namba, milango ya kutokea ina herufi A, B, C, D, na mizigo inapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuingia. Waafrika wengi wanashuka kituo cha Xiaobei, mstari wa 5. Brussels, anayetafuta Matonge ya Wakongo anashuka Porte de Namur. Rangi na majina ni mengine, lakini akili ni ile ile.

Kazi yetu sisi wanafunzi

Dubai maandishi ni ya Kiarabu na Kiingereza. Kifaransa hakimo. Wazazi wetu wengine hawakupata nafasi ya kusoma, lakini rangi wanazijua, na kuhesabu wanatushinda. Kwa hiyo mzazi akijitayarisha kusafiri, keti naye jioni moja. Chora mistari kwa kalamu ya rangi mbili. Andika majina ya vituo vyake kwa herufi kubwa, jinsi yalivyoandikwa kule, ili aweze kulinganisha karatasi na ukuta. Mwandikie hesabu: «Nyekundu mpaka Union, halafu Kijani, kituo kimoja.» Kwa neno EXIT mchoree mlango, maana ndilo linaloonyesha njia ya kutokea.

Tusimcheke mtu ambaye hajui. Tunasoma jeografia na Kiingereza kwa pesa walizotafuta wao, na karatasi ile inaweza kumwokolea mama taksi nyingi. Anayesafiri mwezi huu, tunamtakia njia njema. Akirudi, atusimulie ni mlango gani alitokea.