Kura Iliyoharibika ni Ipi?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uchaguzi nao ni mali ya umma, na daftari lake ni takwimu zinazokusanywa vituoni kote nchini. Lakini daftari hilo litatufaa nini iwapo wanaoliandika hawaafikiani juu ya maana ya maneno?

Swali hili lilinijia baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, nilipoketi na vijana watatu waliokuwa waangalizi: mmoja Likoni, wa pili Kisauni, wa tatu Changamwe. Niliwauliza jambo moja tu: kura zilizoharibika kituoni mwenu zilikuwa ngapi? Wa Likoni alinitajia karatasi ambazo wapiga kura walizikosea, wakazirudisha na kupewa nyingine. Wa Kisauni alinitajia zile zilizokutwa sandukuni wakati wa kuhesabu, zikakataliwa kwa kuwa hazikuonyesha wazi aliyechaguliwa. Wa Changamwe alikuwa amezijumlisha zote pamoja.

Hakuna aliyesema uongo. Sheria yetu huzitenga aina hizo mbili: ya kwanza haiingii sandukuni, ya pili huingia, kisha ikakataliwa. Kiswahili chetu cha mazoea ndicho kilichozifunika kwa neno moja. Ukiyajumlisha majibu ya vijana wale watatu, utapata tarakimu isiyo na maana. Sembuse majibu ya vituo 46,229 vilivyotumika mwaka ule?

Asidhani mtu kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu. Mwaka wa 2013, Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.07, ilhali Katiba hudai zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Je, kura iliyokataliwa imepigwa au haikupigwa? Ilibidi swali hilo liamuliwe na Mahakama ya Juu, nayo ikakata shauri, katika kesi iliyotolewa hukumu tarehe 30 Machi, kwamba kura hizo hazitiwi katika hesabu ya asilimia.

Tazama pia saa. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni. Mwangalizi akiandika "11" katika fomu, amekusudia jioni, au kabla ya adhuhuri? Wa Kisauni huenda akahesabu kwa saa ya Kiswahili, na mwenzake wa mbali akafuata ya Kiingereza.

Rai yangu ni hii. Kila fomu ya kukusanyia takwimu za uchaguzi iandikwe kwa Kiswahili pia, kila neno lifafanuliwe papo hapo, na maswali yajaribiwe mitaani kabla ya kusambazwa. Nanyi walimu, ambao madarasa yenu hugeuzwa vituo na ambao baadhi yenu huajiriwa kuvisimamia, anzeni na wanafunzi wenu. Waulizeni tofauti ya kura iliyoharibika na kura iliyokataliwa. Wakiijua leo, kesho hawatatuletea hesabu tatu za kitu kimoja.