Ujumbe mmoja waweza kula faida ya safari nzima

WAVUVI wa dagaa katika Ziwa Victoria hawamkimbizi samaki. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, husubiri dagaa wasogee wenyewe, kisha huinua wavu. Matapeli wa simu nao hufanya hivyo hivyo, na hata neno la Kiingereza linalotumika kuutaja utapeli huu limetokana na uvuvi. Tapeli havunji mlango wala haibi gari. Anatuma ujumbe unaofanana na wa kweli, kisha anasubiri mwenye pesa azitume kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa wafanyabiashara wa Mwanza na mwambao wa ziwa, walio kwenye hatari kubwa ni wenye magari ya mizigo, madereva wao na wakulima wanaokodi magari hayo. Sababu yake ni aina ya kazi yenyewe. Gari linapakia dagaa Mwaloni Kirumba au mpunga Magu, tajiri anabaki mjini, dereva anakwenda Dar es Salaam au Kahama, na pesa za mafuta, za fundi na za ushuru zinamfuata njiani kwa simu.

Utaratibu huo umerahisisha biashara tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008. Dereva hana haja ya kusafiri na bunda la noti. Hata hivyo, umemfanya tajiri azoee kutuma pesa kwa haraka kwa mtu asiyemwona, na tapeli anategemea mazoea hayo.

Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa mwenye fuso moja. Jioni anapokea ujumbe kutoka namba ngeni: "Tajiri shikamoo. Simu yangu imeisha chaji, natumia ya fundi. Diferensho imekufa mbele ya Igunga. Tuma 450,000 kwenye namba hii, jina litakuja la fundi."

Ujumbe huo umetungwa kwa ujanja. Kwanza, unaeleza kwa nini namba ni ngeni. Pili, unaeleza kwa nini jina litakalotokea si la dereva, ili tajiri asishtuke anapoliona kabla ya kuweka namba ya siri. Tatu, unataja mahali ambapo gari linaweza kuwa kweli kwa saa hiyo. Kuyajua hayo si kazi ngumu. Magari mengi yameandikwa namba ya simu ya mwenyewe mlangoni, na kwenye eneo la kupakia kila mtu anasikia gari linakwenda wapi na linaondoka saa ngapi.

Tuseme nauli ya mzigo ni shilingi 2,800,000. Mafuta 1,700,000, posho ya dereva na utingo 250,000, ushuru na maegesho 100,000, na akiba ya matairi na matengenezo 350,000. Jumla ya gharama ni 2,400,000 na faida ni 400,000. Akituma zile 450,000, safari nzima imegeuka hasara ya 50,000 ilhali gari ni zima na mzigo umefika salama. Atahitaji faida ya safari nyingine kamili, na zaidi kidogo, ili arudi pale alipokuwa.

Mitego mingine

Mtego wa pili ni wa faini na leseni. Dereva au mwenye gari anapokea ujumbe unaodai kutoka Polisi wa Usalama Barabarani au Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwamba gari lake linadaiwa, na kwamba asipolipa leo litakamatwa. Ndani yake kuna kiungo cha kubonyeza au namba ya simu ya kutumia pesa. Ikumbukwe kwamba malipo ya serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, wala hayaendi kwenye laini ya mtu binafsi. Mwenye shaka aangalie deni kwa namba ya gari katika mfumo wa Polisi wenyewe, au afike ofisini.

Mtego wa tatu ni ujumbe bandia wa kupokea pesa. Tapeli anajifanya mteja, anatuma maneno yanayofanana na ya kampuni ya simu yakionyesha kwamba nauli imeingia, kisha anapiga akilia kwamba amezidisha kiasi na anaomba arudishiwe tofauti. Anayerudisha anatoa pesa zake mwenyewe. Dawa yake ni kuangalia salio kwenye menyu ya simu kabla ya kujibu lolote.

Mtego wa nne ni wa kuomba tarakimu. Mtu anapiga akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri, au rafiki anaomba utaje tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya". Mara nyingi tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp. Akizipata, anaingia kwenye kundi la madereva au la mawakala wa mizigo na kuomba mikopo kwa jina lako.

Mkulima naye aangalie

Upande wa pili wa biashara hii haujasalimika. Mkulima wa Sengerema mwenye magunia ya mpunga, au mfanyabiashara wa machungwa wa Ukerewe, anapigiwa na dalali asiyemjua kwamba kuna gari linarudi tupu na nauli yake ni nafuu. Anatumiwa picha ya kadi ya gari na leseni ya dereva, kisha anaombwa "nusu ya mafuta" ili gari ligeuze. Picha ya kadi si gari. Inaweza kuwa imenakiliwa kutoka kwa mtu mwingine ambaye hana habari.

Njia salama ni kulipa sehemu ya nauli baada ya gari kufika na kuanza kupakia, na kulinganisha namba ya gari na sura ya dereva na zile zilizoko kwenye kadi na leseni halisi, si kwenye picha.

Makubaliano kabla ya safari

Kinga kubwa haihitaji simu ya bei kubwa. Inahitaji tajiri na dereva wakubaliane mambo machache kabla gari halijawashwa:

1. Pesa haitumwi kwa ujumbe peke yake. Tajiri ampigie dereva kwa namba aliyonayo tangu zamani. Isipopatikana, ampigie utingo. Wote wasipopatikana, asubiri.

2. Wawe na neno lao la siri, ambalo dereva analitaja akilazimika kutumia simu ya mtu mwingine, na wanalibadilisha kila safari.

3. Pesa za matengenezo ziende kwenye laini ya dereva, naye amlipe fundi. Jina lisilofahamika likitokea, muamala usitishwe.

4. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote. TCRA imekwishaeleza kwamba mtoa huduma humpigia mteja kwa namba 100 tu. Hata hivyo, hata simu ikionyesha 100, namba ya siri haisemwi.

5. Kila mmoja apige *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiona asiyoitambua aende kwa mtoa huduma ikafutwe.

Pesa ikishatoka

Aliyekwishatuma pesa asikae kujilaumu. Apige 100 mara moja aombe muamala uzuiwe, akiwa na namba ya kumbukumbu, kwa kuwa pesa ambayo haijatolewa inaweza kuokolewa. Ujumbe wa tapeli autume kwenda namba 15040 ya TCRA na kufuata maelekezo ya kutaja namba iliyoutuma. Kisha aripoti polisi bila kufuta ujumbe wowote, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja udanganyifu wa aina hii na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa ya jinai.

Wapo madereva wanaoona kupigiwa simu ya kuhakikisha ni kutoaminiwa. Tajiri awaeleze mapema kwamba simu hiyo inamlinda na dereva pia. Tapeli anapofanikiwa kutumia jina la dereva, wa kwanza kushukiwa ni dereva mwenyewe, na wengi wanaweza kupoteza kazi kwa kosa ambalo hawakulifanya. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, gari la Geita halipangi tena foleni ya kivuko. Muda uliookolewa pale unatosha kabisa kupiga simu ya dakika moja kabla ya kutuma pesa.