Unguja hadi Pemba kwa Ndege: Umbali, Muda na Sala ya Msafiri

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo, kila inapokaribia likizo wanafunzi wetu hutuuliza: ndege ya Unguja hadi Pemba huchukua nusu saa tu, je, hiyo nayo ni safari ya kupunguza Sala? Ili tupate jibu, tutenganishe kwanza mambo mawili: umbali na muda.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba ulio karibu na Chake Chake, ni kiasi cha kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852. Kwao ni maili 67 hivi. Umbali huu haubadiliki.

Muda ndio unaobadilika. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa ingemaliza njia hiyo kwa dakika 25. Lakini inapopaa na kuteremka mwendo wake hupungua. Upepo nao una sehemu yake: kaskazi humkabili aendaye Pemba, na kusi humsukuma. Ndiyo maana watu husema "kama nusu saa".

Sasa tuje kwenye Sala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kinachotazamwa ni umbali, si muda wala taabu ya njiani. Umbali wenyewe ni marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimiya. Wanazuoni wa zama zetu wamezikadiria baina ya kilomita 80 na 90, kwa kutofautiana hesabu zao. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaji kuwa bahari ni kama nchi kavu, hata kama msafiri ameukata umbali huo kwa muda mfupi.

Basi safari ya Pemba imetimia. Dar es Salaam je? Baina ya viwanja viwili hivyo ni kilomita 73 hivi, na ndege huchukua kama dakika 20. Umbali huo haufiki, hivyo anayeishia Dar es Salaam atasali kamili. Lakini aliyekusudia tangu mwanzo kwenda Morogoro ana ruhusa.

Tuzingatie pia haya. Zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha tu. Mwenye kwao Pemba akishafika kwao, safari yake imekwisha, atasali kamili. Na mgeni aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya siku ya kufika na ya kuondoka, naye atasali kamili tangu afikapo.

Wazazi wetu, tunakuombeni muwakumbushe vijana haya kabla hawajafunga mizigo. Mwenye safari nyingine aje atuulize, tupime pamoja.

Wabillahi Tawfiq.