Mwanafunzi Aliye Likizoni na Vijana Walemavu wa Kenol

Katika mji wa Kenol, Kaunti ya Murang'a, barabara kuu itokayo Nairobi na Thika hugawanyika: moja huelekea Murang'a mjini, na nyingine huendelea mpaka Makutano, Sagana na Nyeri. Kila vyuo vifungwapo, wanafunzi hushuka hapo na mizigo yao, na kila mmoja hushika njia ya kwao. Miongoni mwao wamo wanaojitolea kuwasaidia vijana walemavu na wale wasio na mtu wa kuwatunza. Kazi hiyo ni njema sana, lakini ina namna yake.

Mwanafunzi anayekuja na sukari na nguo kuukuu, akapigwa picha pamoja na kijana asiyeweza kutembea, kisha akaenda zake, hajafanya neno baya. Lakini sukari huisha, na kijana hubaki pale pale alipoketi jana. Msaada ufaao ni ule utakaokuwapo hata baada ya vyuo kufunguliwa.

Shule za vijana hao hazipo mbali. Huko Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu mwaka 1946, na mwaka 1962 likafungua shule ya Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Karibu na Karatina ipo shule ya viziwi ya Tumutumu. Lakini shule haiwezi kumfuata mtoto chumbani. Wapo wazazi ambao kwa aibu, au kwa kutojua, humweka mtoto nyuma ya nyumba miaka na miaka. Sheria ya mwaka 2003 ilikataza waziwazi kumficha mtu mlemavu hata akakosa haki zake. Hata hivyo sheria haina miguu ya kupanda vilima.

Miguu hiyo ndiyo anayoweza kuitoa mwanafunzi. Kwanza na apite kwa chifu na kwa wazee wa nyumba, aeleze shauri lake kwa adabu, kwa maana mzazi aliyeona haya hafungui mlango kwa anayemlaumu. Kisha ianze kazi ya karatasi. Kijana anahitaji cheti cha kuzaliwa, na akitimiza miaka 18, kitambulisho cha taifa. Ni lazima apimwe na waganga katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa, ndipo aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi yake. Mtoto wa umri wa shule naye hupelekwa katika kituo cha kupima mahitaji ya elimu. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984.

Kwa mwenye kadi hiyo, njia ya kuomba kiti cha magurudumu, magongo au msaada wa karo huwa wazi. Hata zabuni za serikali, sehemu ya 30 kwa mia imetengwa kwa vijana, wanawake na walemavu. Lakini mzazi asiyejua kusoma huambiwa arudi kesho, na kila kesho ni nauli ya watu wawili. Mwanafunzi aliyezoea fomu na simu huweza kumwondolea mzigo huo.

Hata hivyo asimfanye kijana kuwa mzigo wa kubebwa. Amwulize kwanza anataka nini. Asisukume kiti chake bila ruhusa. Kiziwi amtazame usoni. Asiyeona asimvute mkono, bali ampe kiwiko ashike mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa jina la kudharauliwa.

Wasomaji wengi wanamkumbuka Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Katika michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 akiwa na mwongozaji kando yake. Mwongozaji alikuwa ameugua, nguvu zikamwishia njiani, na Wanyoike ndiye aliyemvuta mpaka mwisho, akapata nishani ya dhahabu. Basi anayesaidia leo asidhani kwamba yeye ndiye mwenye nguvu siku zote. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.

Likizo itakwisha, na matatu ya kurudi Nairobi itapiga honi pale Kenol. Kabla ya kupanda, mwanafunzi na aweke karatasi zote katika faili moja, amweleze kijana na jamaa yake hatua iliyobaki na ofisi ya kuiendea, kisha faili hiyo aiache mikononi mwa kijana mwenyewe.